Vidole Viwili Nyuma ya Bega

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimecheka mbele ya jimu nzima, na nimecheka peke yangu.

Mwalimu alitupanga baada ya mazoezi. Mashindano ya jozi ni mwishoni mwa Aprili: mwanamume na mwanamke wanapanda jukwaani pamoja, wanakaza misuli pamoja. Jozi ya jimu yetu ni mimi na mke wangu. Mwaka jana tulipanda. Kwa mbele tulipigiwa makofi mpaka basi. Halafu majaji wakasema geukeni. Tukageuka, na ukumbi ukanyamaza kama watu waliopewa habari ya msiba. Nyuma ya mabega hamna kitu. Wote wawili, bapa!

Basi leo Mwalimu kasema tugeukie ukutani aone tumefika wapi. Tukasimama watatu: mimi, mke wangu, na yule mwoka mikate wanayemwita Kabati kwa ajili ya upana wake. Nikasikia mtu kapiga mluzi. Nikajua ni wangu. Nikakaza zaidi, karibu nipasuke.

Haukuwa wangu! Mwalimu kasema nyuma ya mabega ya mke wangu pametoka nyama, mviringo, kama nusu chungwa kila upande. Ya Kabati vilevile. Yangu? "Kioo, wewe bado." Kioo ndilo jina langu pale, maana kazi yangu ni kukata vioo. Halafu akasema jozi lazima ifanane kwa nyuma, na majina yanapelekwa Jumamosi ya tarehe 29. Nisipobadilika, mke wangu atapanda na Kabati.

Hapo ndipo nilipocheka. Mke wangu hakucheka. Alikuwa ameinama anatafuta viatu vyake.

Mke wangu apakwe mafuta asimame bega kwa bega na mwanamume mwingine, watu wapige picha — labda niwe nimeshakufa.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mteja wa kwanza leo kataka kioo cha kabati. Hata neno lenyewe sitaki kulisikia. Nimekikata kikawa kifupi.

Siku nzima najiuliza kitu kimoja. Tunakula sufuria moja, mimi na mke wangu. Tunakwenda jimu moja. Mimi nanyanyua mara mbili yake. Sasa yeye kaipata wapi hiyo nyama ya nyuma?

Mezani nimemuuliza, kama mtu asiyejali, anafanya mazoezi gani siku hizi. Kajibu, "Madogo madogo tu." Akaendelea kula.

Madogo madogo!

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimeona. Heri nisingeona.

Nilikuwa navuta chuma kizito, mgongo umewaelekea, macho kwenye kioo. Kile kioo nilikikata mimi mwenyewe, nikakibeba mimi, nikakitundika mimi. Na ndicho kilichonionyesha! Mke wangu kalala kifudifudi kwenye benchi lililoinuliwa upande wa kichwa. Mikononi kashika dambeli ndogo kabisa, zile tunazoziita za wagonjwa. Anazifungua pembeni taratibu, kama mtu anayefungua pazia asiamshe mtoto. Na nyuma yake kasimama Kabati. Kamwekea vidole viwili nyuma ya bega. Vidole viwili! Kwenye ngozi ya mke wangu!

Nikamsikia Kabati anasema, "Mwenzangu, kiwiko kiongoze, mkono ufuate."

Mwenzangu? Tangu lini? Jumatatu alikuwa anamwita shemeji. Shemeji kwa heshima zote, na kichwa anainamisha. Siku tatu tu, ushemeji umekwisha.

Nimeangusha chuma makusudi. Jimu nzima imeruka. Wao hawakugeuka.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Tumegombana. Sauti za kutosha, mpaka jirani kazima redio ili asikie vizuri.

Nilimwambia mwanamke wa mtu haguswi bega na mwoka mikate. Kaniuliza kama angekuwa fundi cherehani ingekuwa halali. Nikamwambia asinifanyie mzaha. Akasema hafanyi mzaha, ananieleza, nami sisikii, na huo ndio ugonjwa wangu tangu zamani.

Kwa kweli kaeleza. Anasema ile misuli ya nyuma ya bega ni midogo, na ina majirani wakubwa: shingo, na mbavu za mgongo. Ukiipa mzigo mzito, wakubwa wanaipokonya kazi, nayo inakaa bure. Ndiyo maana kuvuta kwangu kote kunanenepesha shingo. Uzito uwe mdogo, viwiko viende mbali na mwili, usijirushe. Na mtu akuwekee vidole hapo hapo, ili mwili ujue ni nani anayeitwa.

Nikamuuliza, sasa vidole lazima viwe vya Kabati?

Akaniangalia. Akasema aliniomba mimi nimwekee. Mwezi mzima aliniomba, baada ya kushindwa mwaka jana. Nami nilimjibu kwamba huo ni mchezo wa watoto, anyanyue vyuma aache kutekenywa.

Sikumbuki kusema hivyo. Ila maneno yenyewe ni ya kwangu kabisa, nayajua.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Dada yangu kaja kututembelea. Hajamaliza hata chai, kaanza. Eti, "Wifi, mbona mabega yamekuwa ya kiume? Nani anakukanda?" Mke wangu kacheka, kaingia jikoni.

Dada kanisogelea, kaninong'oneza: kikulacho ki nguoni mwako. Kasema mumewe naye alianza hivi hivi na mambo ya kuogelea. Nimemwambia mambo ya nyumba yangu aniachie. Nikampa nauli aondoke mapema.

Kaondoka yeye, maneno yake kayaacha sebuleni. Yamekaa kwenye kochi pale pale alipokaa.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Leo karakana ilikuwa kimya. Nimefunga mlango, nimevua shati, nimesimamisha kioo cha mteja nyuma yangu na kingine mbele. Nikavisogeza, nikavisogeza, mpaka nikapata.

Miaka yote nimeuza vioo na sijawahi kuuona mgongo wangu!

Ee bwana. Nyani haoni kundule, na mimi ndiye nyani. Shingo nene, imepanda mpaka masikioni. Chini mbavu pana, sikatai. Katikati, nyuma ya bega, hapana kitu — kitambaa kimetandikwa juu ya mfupa. Nimekaza, nimelegeza, nimekaza tena. Hapaitiki.

Huyo ndiye mtu ambaye mke wangu anamwona kila nikimgeuzia mgongo kitandani. Na nimemgeuzia sana wiki hii.

Lakini nimeapa. Atakayesimama naye ni mimi. Kama Kabati kaota nyama, nami nitaota, tena zaidi yake. Nitaipiga hiyo sehemu kila siku mpaka iseme yenyewe.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Shingo imekataa.

Siwezi kugeuka kulia. Kushoto kidogo. Jumatano na jana niliinama na dambeli nzito kabisa nikazifungua pembeni kama ndege anayetaka kuruka na mizigo yake. Nilijirusha, nakiri. Ile ya mwisho nikasikia kitu shingoni, ka!

Leo mteja alisimama upande wa kulia nikalazimika kuzunguka mwili mzima kumwamkia. Kanishukuru kwa heshima ile.

Mke wangu kanikanda na mafuta ya moto. Mikono yake inajua njia. Akashuka kutoka shingoni, akapita pale nyuma ya bega, akasimama. Akagusa, akabonyeza. Kasema, "Hapa hujafanya kitu, mume wangu. Kazi yote kaila shingo." Sauti haikuwa ya kunicheka.

Nami badala ya kushukuru nimewaza: hivi ndivyo Kabati anavyomgusa? Kwa upole huu huu? Nimemwambia inatosha. Kaosha mikono, kaenda kulala.

Wivu ni mgonjwa mbaya, anamfukuza hata muuguzi.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Kabati kaja nyumbani! Mlangoni, na mkate chini ya kwapa. "Pole kaka, nimesikia shingo." Kaleta na ule mpira wa kuvuta, eti niufunge kwenye nondo ya dirisha niuvute kuelekea usoni, viwiko juu, taratibu, hauumizi shingo.

Nimemwambia mpira ni wa watoto. Kauacha mezani.

Mkate tumeula. Laini, bado wa moto. Mshenzi, anajua kuoka.

Jumatano, tarehe 19 Machi

Shingo imelegea. Nimeanza upya karakanani, kwa siri, maana jimu nitaonekana na dambeli za wagonjwa.

Nimejaribu aina za mazoezi moja moja, kama mtu anayechagua embe sokoni. Ile ya kuvuta chuma wima mpaka kidevuni, ambayo nimeitetea miaka yote — nimeiacha. Inapandisha mabega na shingo, nyuma haifiki. Ya kuinama na kuvuta mzigo kiunoni: inakwenda mbavuni. Nikipanua viwiko nje, inasogea kidogo kule kunakotakiwa. Kidogo. Ule mpira wa Kabati (niliubeba kwenye mfuko, mke wangu hakuniona) nimeufunga kwenye nondo. Mzuri, lakini nikichoka kidogo shingo inaingilia tena. Iliyonifaa ni ile ya mke wangu, ya kulala kifudifudi. Kifua kikiegemea hakuna kujirusha. Nimelala juu ya meza ya kukatia, nikashika makopo mawili ya puti, ule udongo wa kugandishia vioo.

Nimeyafungua pembeni. Kiwiko kiongoze, mkono ufuate. Sikusikia kitu! Sijui panapoitwa ni wapi. Kwako mwenyewe mkono haufiki. Basi nikafinyanga donge la puti nikalibandika nyuma ya bega, liwe mahali pa kidole. Nikalala tena.

Mama mmoja akaingia kuulizia kioo cha bafu.

Kanikuta kifudifudi mezani, kifua wazi, makopo mikononi, puti mgongoni. Kasema atarudi nitakapokuwa nimepona.

Jumamosi, tarehe 22 Machi

Mke wangu kafua shati langu kakuta puti imegandia nyuma ya bega. Kacheka mpaka akakaa chini. Kanitazama kwa jicho ambalo sijaliona tangu mwaka uanze. Kaniuliza, "Umeanza?"

Hapo! Hapo ndipo nilitakiwa kusema. Neno moja tu: niwekee. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikasema puti hiyo imedondoka kutoka darini.

Jicho likazimika. Kasema basi sawa. Kasema pia Mwalimu amemtaka ajaribu hatua za jukwaani na Kabati, kwa tahadhari tu, endapo mimi sitakuwa tayari. Kaniambia niseme kama sitaki.

Nikasema nenda, mimi ni nani nikukataze.

Kaenda. Kumbe kweli kaenda!

Jumanne, tarehe 25 Machi

Nimewatazama wakijaribu. Nilijifanya napima ufa wa kioo cha pembeni. Hakina ufa.

Nitasema ukweli kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Wanapendeza. Wakigeuka, migongo inafanana kama milango miwili ya fremu moja. Hata kupumua wanapumua pamoja. Watu waliacha vyuma wakatazama. Mwalimu kapiga goti lake bovu kwa furaha mpaka kaumia.

Nina wivu. Nina wivu na Kabati, kwa sababu anasimama pale. Na nina wivu na mke wangu mwenyewe, aibu iliyoje, kwa sababu ya lile chungwa la nyuma ya bega. Sijui upi unauma zaidi. Nimetoka nje nikakaa juu ya ndoo.

Zimebaki siku chache. Meza, makopo na puti havijaleta kitu. Bila vidole siendi popote.

Ijumaa, tarehe 28 Machi



Nimekwenda kwa Kabati. Kiwandani kwake, mchana, wakati tanuri linapoa. Nilitembea mpaka mlangoni nikarudi. Nikaenda tena. Alikuwa anafuta trei. Nilimwambia, bila salamu, "Nionyeshe." Hakuuliza nini.

Kafuta unga kwenye meza ndefu, nikalala kifudifudi. Kanipa paketi mbili za hamira. Hamira! Nikasema hizi ni nyepesi mno. Kasema, "Kaka, fungua kwanza, utanitukana baadaye." Akaweka vidole viwili.

Nikafungua. Mara ya kwanza hamna. Mara ya pili kabonyeza kidogo, kasema usiubane mgongo katikati, peleka viwiko mbali, kama unagusa kuta mbili. Na pakaitika! Paliwaka, padogo, pembeni kabisa, mahali ambapo sikujua kuwa ni mali yangu. Nilipiga kelele. Paketi za hamira zimenishinda, mimi Kioo!

Nikakaa. Nikamuuliza mambo haya kajifunza wapi. Kanishangaa.

"Si kwa shemeji?"

Eti naye alikuwa bapa kama mimi. Mke wangu ndiye aliyeanza kumwekea yeye vidole. Anasema alimwomba kwa maneno haya: wewe huna kiburi, acha nijaribu kwako, nikishajua njia nitajua namna ya kumwonyesha mume wangu bila kubishana naye. Kabati akakubali. Alipojua, naye akamrudishia fadhila.

Sijui niamini nini. Inaweza kuwa kweli. Inaweza kuwa maneno ya mtu mwenye tanuri la moto na mume wa watu mbele yake. Kama ni uongo, kanidanganya. Kama ni kweli, ni mbaya zaidi! Vidole vya mke wangu vilikaa juu ya bega lile la Kabati kabla halijawa bega. Lile chungwa kalipanda yeye.

Kanifungia mkate. Nimeupokea. Nyumbani sijasema nimetoka wapi.

Jumamosi, tarehe 29 Machi

Naandika katika chumba cha kubadilishia nguo. Nimekaa juu ya benchi, daftari juu ya goti. Nje watu wamejaa. Mwalimu kasema leo hakuna maneno: mimi na Kabati tutageukia ukuta, mke wangu katikati, yeye atatazama migongo na kuandika jina.

Kabla ya hapo mke wangu kaingia na chupa ya mafuta. Iko moja tu, ya kwetu, ya mwaka jana. Kasema geuka nikupake. Nikageuka. Humu ndani hakuna kioo — mimi mwenyewe nilimshauri Mwalimu kwamba chumba hiki hakihitaji.

Kapaka bega la kulia. Mkono ukapita pale nyuma, ukarudi. Ukasimama. Kaweka vidole viwili.

"Kaza."

Nikakaza. Sikuvuta shingo, sikubana mgongo. Nilipeleka kiwiko mbali, na pakaitika. Si chungwa. Labda ndimu. Lakini palikuwa na mtu nyumbani.

Vidole havikutoka. Muda mrefu. Nikasikia pumzi yake mgongoni kwangu, imebadilika. Nikajua anatabasamu, nikataka kulia.

Kisha kaniuliza polepole, "Nani kakuwekea vidole?"

Ningeweza kusema puti. Ningeweza kusema nimejua mwenyewe. Nikasema, "Kabati. Jana."

Vidole vikatoka.

"Kabati?" kasema. "Ukamwomba Kabati?"

Nikasema ndiyo.

"Mimi ukaniambia ni puti ya darini. Yeye ukamwomba."

Sauti hiyo naijua. Naijua vizuri kuliko mtu yeyote, maana imekaa ndani yangu mwezi mzima. Nilitaka kumwona uso. Nilipogeuka alikuwa ameshafika mlangoni, katoka, na chupa mkononi.

Sasa namsikia nje. Anaongea na Kabati, chini chini, haraka haraka. Kabati anasema, "Lakini shemeji... lakini shemeji..." Kumbe neno analo bado.

Mwalimu kaita mara ya kwanza. Kaita mara ya pili. Anasema Kioo kama hatoki anaandika jina la aliyepo.

Bega moja linang'aa, la pili kavu. Na daftari limeingia mafuta. Sitoki hivi. Mke wangu amwachie Kabati maneno yake, arudi na chupa amalizie, hata kama anamalizia kwa hasira —

Hatua. Ni za mtu mmoja, zinakuja mlangoni.